Uvimbe wa ini umetolewa, usiache kupima damu

Mgonjwa wa saratani ya ini akishafanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani Tabora, Urambo au Ujiji, ndugu hushusha pumzi. Kidonda kinapona, hamu ya kula inarudi, na safari nyingine ya Mwanza au Dar es Salaam inaonekana ni kupoteza pesa. Njia ya zamani ya misafara ilipata reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini kwa familia ya mkulima nauli bado ni mzigo. Hapo ndipo mgonjwa huacha kliniki.

Tatizo ni kwamba saratani hii inaweza kurudi kwa hadi wagonjwa 7 kati ya 10 ndani ya miaka 5, hasa katika miaka 2 ya mwanzo. Damu inaweza kutoa tahadhari mapema.

Protini inayotazamwa zaidi ni alfa-fetoprotini, kwa kifupi AFP. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, kisha hupungua baada ya kuzaliwa. Saratani ya ini huweza kuipandisha tena ukubwani. Ikizidi nanogramu 400 kwa mililita kabla ya upasuaji, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi. Uvimbe ukitoka wote, AFP hupungua kwa nusu kila siku 5 hadi 7 hivi. Isiposhuka, au ikishuka kisha ikapanda, daktari huagiza ultrasaundi au CT.

Protini nyingine ni albumini, inayoonyesha nguvu ya ini lililobaki. Ikiwa chini, ini hilo huenda limedhoofika.

Hata hivyo, AFP si ramli. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wana saratani huku AFP yao ikiwa ya kawaida, na homa ya ini nayo huweza kuipandisha. Ndiyo maana namba moja haitoshi. Daktari hulinganisha namba kadhaa pamoja na picha.

Kwa hiyo, tunza majibu ya kabla ya upasuaji, maana bila hayo hakuna cha kulinganisha. Pima katika maabara ileile kila inapowezekana. Uliza hospitali ya mkoa, Kitete, kama damu inaweza kuchukuliwa hapo ili kupunguza safari. Kliniki huwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo.

Kama chanzo ni homa ya ini B, dawa zake zisikatishwe, kwani hupunguza hatari ya saratani kurudi. Ndugu wa nyumbani nao wapimwe. Chanjo ya watoto wachanga ilianza nchini mwaka 2002, hivyo kaka na dada wakubwa huenda hawakuipata. Na karanga au mahindi yenye ukungu yatupwe: kupika hakuondoi sumukuvu.