RANGI YA NDEGE YA MFANO SI MAPAMBO

Bwana Mhariri,

Katika Chama chetu cha Ufundi kuna msemo uliozoeleka: "Rangi ni rangi tu." Wasemao hivyo huunganisha ndege ya vita kwa uangalifu mwingi, hata gurudumu likikaa upande hulibandua na kulirudia, kisha huipaka kijani kilichobaki kwenye milango ya bweni. Mimi sikubaliani nao, nami nitatumia mfano wa Spitfire ya Waingereza, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kabatini mwetu.

Mwaka 1940, vita vya angani vilipopiganwa juu ya Uingereza, Spitfire ilipakwa mgongoni mabaka ya kahawia na kijani kilichokolea, ili adui aliye juu aione kama mashamba. Tumboni ilipakwa rangi iitwayo Sky. Jina hilo lisimdanganye mtu: si buluu, ni kijani hafifu chenye umanjano kidogo. Agosti 1941 kahawia iliondolewa, kikawekwa kijivu, na tumbo nalo likawa kijivu chepesi, kwa kuwa mapigano yalikuwa yamehamia juu ya bahari na Ufaransa ya kaskazini. Basi atiaye kahawia kwenye Spitfire iliyoruka kutoka Uingereza mwaka 1943 ni sawa na aandikaye tarehe ya uongo katika karatasi ya Historia.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzuri: hata Waingereza wenyewe hawakuwa na rangi moja. Ni kweli. Sky ilipopungua mwaka 1940, vikosi vingine vilijichanganyia vyenyewe. Kijivu kipya kilipokosekana mwaka 1941, amri ilikuwa kuchanganya sehemu 7 za kijivu chepesi na sehemu 1 ya nyeusi. Jua nalo lilichujusha. Picha za zamani ni shahidi mbovu, maana filamu nyingine za siku zile zilionyesha manjano kuwa nyeusi na buluu kuwa nyeupe. Lakini hoja hii yanisaidia mimi! Ikiwa mafundi wa uwanjani, katikati ya vita, walipima 7 kwa 1, sisi wenye Jumamosi nzima twashindwaje kuhesabu matone?

Wala sidai tununue makopo ya ng'ambo, ambayo bei yake wazazi wetu hawaiwezi. Nyeupe, nyeusi, manjano, buluu na nyekundu zatosha. Changanya, paka kwenye kadi, ngoja ikauke, ndipo ulinganishe, nje kivulini, wala si chini ya taa ya usiku. Ongeza nyeupe kidogo: mfano wa 1/72 ukitazamwa kwa sentimita 30 ni kama ndege nzima iliyo mita 22 hivi, na hewa hufifisha rangi. (Wengine huzidisha hata ndege ikaonekana imemwagiwa unga.)

Siku ya Wazazi iliyopita zawadi ilipewa Spitfire ya 1940 iliyong'aa kama kiatu cha gwaride, ambapo rangi yake ya vita haikung'aa. Kazi ya mwenzetu ilikuwa safi, simwonei wivu. Bali mdogo wetu wa Kidato cha Pili, aliyechanganya kijivu chake mara nne, aliulizwa kwa nini ndege yake "imepauka", akaondoka bila kujibu. Namwomba mwalimu wetu, kwa heshima, safari hii mifano iwekwe barazani mchana, kila mmoja na kadi yake ya rangi na mwaka wa ndege, na waamuzi wazisome kadi hizo kabla ya kutoa alama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne