Bingwa wa Mabingwa: Kuhesabu Mikanda Hakutoshi

Ukitaka baraza isilale, uliza swali moja tu: ni nani bondia bora kuliko wote, bila kujali uzani? Kahawa itapoa kwenye vikombe na kila mtu atakuwa na jina lake. Wazee watakutajia Muhammad Ali, vijana watakutajia Manny Pacquiao, na hakuna atakayekubali kushindwa.

Ubishi huu umepamba moto upya kwa sababu ya mapigano mawili ya mwaka 2025. Mnamo Julai 19, katika uwanja wa Wembley, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimwangusha Daniel Dubois raundi ya tano na kukusanya tena mikanda yote minne mikuu ya uzani mzito. Miezi miwili baadaye, Septemba 13, Mmarekani Terence Crawford alimshinda Saúl Álvarez, maarufu kama Canelo, kwa pointi jijini Las Vegas. Akawa mwanamume wa kwanza, tangu mikanda mikuu iwe minne, kuwa bingwa asiye na mpinzani katika madaraja matatu ya uzani.

Wanaomtukuza Crawford husema matatu ni zaidi ya mawili, kwa kuwa Usyk alifanya hivyo katika uzani wa kruza na uzani mzito pekee. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini ina kasoro.

Kwanza, mikanda ya leo si adimu kama ya zamani. Enzi za kina Henry Armstrong kulikuwa na madaraja manane tu. Leo kuna 17, na kila daraja lina mashirika manne makubwa yanayotoa taji. Yaani kuna takriban mikanda 70 inayoitwa ya dunia. Mnamo 1938 Armstrong alishika kwa wakati mmoja taji la uzani wa unyoya, uzani mwepesi na uzani wa welter. Kati ya viti vinane duniani, vitatu vilikaliwa na mtu mmoja. Pacquiao alitwaa mataji katika madaraja manane, jambo ambalo hakuna mwingine amelifanya, na simnyimi sifa yake. Lakini alipochukua la nane mwaka 2010 dhidi ya Antonio Margarito, mkataba uliwataka wapime kilo 68, ingawa kikomo cha daraja hilo ni karibu kilo 70. Ukihesabu mikanda tu, hutaliona hilo.

Pili, kupanda uzani si kitu kimoja kwa kila bondia. Mjapani Naoya Inoue alianza kutwaa mataji akiwa na kilo 48.9, na mwaka 2023 akawa bingwa asiye na mpinzani kwenye kilo 55.3. Kilo sita zinaonekana chache, lakini kwake ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Naye bondia wa uzani mzito kama Ali hana pa kupanda. Je, tumkate alama kwa sababu alizaliwa mkubwa?

Mimi napendekeza maswali matatu. Alimshinda nani, na huyo alikuwa katika hali gani? Mpinzani alimzidi kilo ngapi? Na walipigania kwa nani?

Kwa swali la kwanza, Ali hana wasiwasi. Alipokutana na George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, Foreman alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton katika raundi ya pili kila mmoja. Hao wote wawili walikuwa wameshamshinda Ali. Alipomwangusha Foreman, alimwangusha mtu aliyekuwa kwenye kilele chake.

Kwa swali la pili, hakuna anayemfikia Sugar Ray Robinson. Katika mapigano yake zaidi ya 120 ya mwanzo alishindwa mara moja tu, mwaka 1943, na Jake LaMotta aliyemzidi kwa karibu kilo saba. Walikutana mara sita, na Robinson akashinda tano. Mara ya mwisho, mwaka 1951, alimpokonya LaMotta taji la uzani wa kati.

Kwa swali la tatu, Usyk anasimama peke yake miongoni mwa mabondia wa leo. Alimpiga Mairis Briedis mjini Riga, Murat Gassiev mjini Moscow, Anthony Joshua na Dubois jijini London. Wote hao walikuwa kwao, mbele ya mashabiki wao. Na alipokutana na Tyson Fury mara ya pili, Desemba 2024, alizidiwa kwa takriban kilo 25, akashinda. Crawford naye alipanda madaraja mawili kumfuata Canelo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kilo alizopanda ni sita na kidogo.

Kwa nini sisi Wakenya tujishughulishe na haya? Kwa sababu kosa la kuhesabu taji bila kuuliza limetugusa sisi wenyewe.

Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, Philip Waruinge alipigana uzani wa unyoya. Alishindwa nusu fainali na Antonio Roldán, Mmexico aliyekuwa kwao, akarudi na shaba. Ukitazama jedwali la medali, utaona mtu wa daraja la tatu. Lakini katika michezo hiyo hiyo Waruinge alitunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote, wa uzani wowote. Kwa miaka mingi kabla ya ubishi wetu wa barazani, ulimwengu ulikwisha kusema kuwa bondia bora katika mashindano yale alikuwa Mkenya, mwenye medali ya shaba.

Ni vijana wangapi wa Pwani wanaovaa glavu leo wanaolijua jina hilo? Tunamkumbuka Robert Wangila kwa dhahabu ya Seoul mwaka 1988, na anastahili. Lakini tangu mwaka ule Kenya haijapata tena medali ya ndondi ya Olimpiki. Tukiendelea kuwathamini mabondia kwa rangi ya medali pekee, kijana wa kilo 51 anayeonewa na majaji ugenini atarudi nyumbani bila kupokewa na mtu, ingawa huenda yeye ndiye bora wetu.

Orodha yangu basi ni hii: Robinson, Armstrong, Ali, Usyk, Crawford. Pacquiao anafuata karibu sana. Usikubaliane nami, msomaji, ni haki yako. Ila ukija na orodha yako, usinihesabie mikanda. Nitajie aliowapiga, uzito wao, na mji walipopigania.