Somo ni la Darasa Zima

Watu wamegawanyika makundi mawili juu ya matumizi ya mitandao ya kijamii katika kufundisha. Wako wasemao kuwa mitandao ni sumu, isikaribie mlango wa darasa. Wako wasemao kuwa ni dawa, na mwalimu asiyeitumia amepitwa na wakati. Nasema makundi yote mawili yamekosea, maana yamekitazama chombo yakamsahau mwanafunzi.

Fikiri, msomaji, juu ya Kiplombe, pembeni mwa jiji la Eldoret, mahali ambapo mji na shamba hupakana. Darasani watoto huvaa sare moja na kutazama ubao mmoja. Ubao haumwulizi mtoto baba yake ana nini. Lakini jioni mwalimu akituma maswali katika kikundi cha WhatsApp, usawa ule huvunjika. Mmoja huyapata papo hapo. Wa pili humngoja mama arudi kazini na simu, naye hurudi usiku, simu imekwisha chaji. Wa tatu kwao hamna simu ya namna hiyo kabisa. Asubuhi wote huulizwa swali moja, na wa tatu huitwa mvivu. Je, hiyo ni haki?

Tulikwisha kuyaona haya. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi ile masomo yalipita katika redio, televisheni na simu. Aliyekuwa navyo aliendelea. Asiyekuwa navyo alisimama. Hakuna aliyemfukuza, walakini alibaki nje.

Nitajibiwa kuwa mitandao ina faida. Nakiri. Mwalimu wa jiografia aweza kuonyesha volkano ikitapika moto, jambo ambalo chaki haiwezi. Mwanafunzi mgonjwa aweza kupelekewa maelezo kitandani. Faida hizi sizipingi. Napinga kuifanya simu iwe mlango wa pekee wa kuingilia somoni.

Wengine husema asiye na simu aazime kwa jirani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kuazima mara moja ni ujirani. Kuazima kila jioni ni fedheha. Mtoto huona haya, akaacha kuomba, kisha akaacha kusoma.

Basi sheria iwe hivi: linalotumwa kwa simu liwe limeandikwa kwanza ubaoni, au limebandikwa ukutani. Picha za kutazamwa zionyeshwe darasani, kwa chombo cha shule, mbele ya wote. Wala mtu asinyimwe alama kwa kazi ambayo hakuwa na njia ya kuipata.

Nawe, msomaji, usimwachie mwalimu mzigo huu peke yake. Ukipata somo kwa simu, linakili kwa kalamu umpe mwenzako kabla ya kengele kulia. Hutapungukiwa na kitu, maana elimu haipungui kwa kugawanywa. Simu ni ya mtu mmoja. Somo ni la darasa zima.