Kazi Ambayo Hakuna Aliyeitaja

Ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, na ninyi wadogo zetu mlio madarasani,

Siku tulipoalikwa shuleni niliwauliza wavulana wa kidato cha sita wanataka kazi gani. Walitaja udaktari, uanasheria na uinjinia. Mmoja alisema urubani, wenziwe wakamcheka. Hakuna aliyesema, "Nataka kukagua bei ya umeme." Siwalaumu, maana nilipokuwa kidato hicho sikujua kuwa kazi hiyo ipo.

Marehemu baba alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Kila bili ilipokuja aliigeuza huku na huku, kisha akalipa. Hakujua bei ile ilitoka wapi, nami msomi wa nyumba sikuweza kumwambia.

Mwuza ndizi akizidisha bei, mtu huenda kibanda cha pili. Waya wa umeme uliofika mlangoni ni mmoja tu, na mnunuzi hana pa kuhamia. Hapa Uganda, tangu mwaka 1948, Halmashauri ya Umeme ilizalisha, ikasafirisha na kuuza yenyewe. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilipofunguliwa mwaka 1954 lilikuwa mikononi mwake. Sheria ya mwaka 1999 ikaleta Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, na mwaka 2001 halmashauri ikagawanywa kuwa mashirika matatu. Mamlaka hiyo haizalishi hata yuniti moja. Hutoa leseni, hupima hesabu za wauzaji, na hukubali bei au huikataa.

Msidhani ni kazi ya kupiga mihuri. Kampuni binafsi iliposhika usambazaji mwaka 2005, katika kila yuniti 100 zilizoingia katika nyaya zake, karibu 38 zilipotea, nyingine kwa nyaya mbovu, nyingine kwa wizi. Nani alipe? Mwuzaji atasema mteja. Mwanasiasa, akikumbuka kura, atasema asilipe mtu. Mchambuzi ndiye anayekaa na makaratasi na kukadiria ni upotevu kiasi gani unaostahili kuingia katika bei. Unaozidi hapo, kampuni huubeba yenyewe. Akikadiria juu mno, fundi cherehani wa Mbale hulipia umeme wa mwizi asiyemjua. Akikadiria chini mno, kampuni haina fedha ya kubadili nguzo zilizooza. Kampuni ile ilipoondoka mwaka 2025, upotevu ulikuwa umeshuka chini ya 20 katika 100, na naamini wachambuzi hao wana sehemu yao katika jambo hilo.

Tena kuna mikataba. Mingine husema mwenye mtambo alipwe hata umeme wake usipotumika. Kifungu kimoja cha namna hiyo, kikipita bila kusomwa vizuri, hulipiwa miaka mingi.

Kwa hiyo kazi hii inataka hesabu na uchumi, lakini pia sheria, na kalamu ya kueleza jambo gumu likaeleweka katika mkutano wa watu wote. (Mlio upande wa lugha msidhani mmesahauliwa.) Inataka pia moyo wa kumwambia mkubwa "hapana" kwa adabu, pamoja na takwimu. Makofi hayapo.

Nimemwachia mwalimu wa hesabu risiti zangu tatu za umeme. Atakayependa na aziombe, aanze na ile ndefu.