Dola za Mlima na Shilingi za Mgumu

Takwimu za utalii za mwaka 2024 zimewafurahisha wengi, na furaha hiyo ina haki yake. Wageni 2,141,895 waliingia nchini mwaka huo. Miaka minne tu kabla yake, maradhi ya UVIKO-19 yalipoifunga dunia, idadi hiyo ilikuwa imeanguka hadi 620,867. Hapa Moshi nyumba nyingi za wageni zilifungwa, na vijana waliozoea kupanda mlimani na mizigo kichwani walirudi kupalilia migomba ya wazee wao. Aliyeuona mji wetu wakati ule hawezi kudharau hata kidogo ongezeko hili.

Walakini idadi ya vichwa ni jambo moja, na fedha inayobaki ni jambo jingine. Mwaka 2019 nchi ilipata kiasi cha dola bilioni 2.6 kutoka kwa wageni 1,527,230, yaani kama dola 1,700 kwa kila mgeni. Mwaka 2024 ilipata kiasi cha dola bilioni 3.9, yaani kama dola 1,820 kwa kila mgeni. Nyongeza hiyo ni ya asilimia 7 hivi. Katika miaka hiyo hiyo mitano, bei za vitu huko Marekani, inakotengenezwa dola yenyewe, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Maana yake ni kwamba mgeni wa leo, ukiipima fedha yake kwa kile inachoweza kununua, anatuachia pungufu ya mgeni wa mwaka 2019. Tumeongeza wageni, hatukuongeza uzito wa mfuko wa kila mgeni. Jambo hili halitajwi sana katika sherehe za kutangaza takwimu.

Kwa mji kama Moshi suala hili lina uzito wa pekee. Mji huu ulijengwa na kahawa. Wakulima wa mlimani waliungana mwaka 1925, na kutoka katika umoja huo kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933, kwa sababu walikuwa wamechoka kuuza kwa bei iliyopangwa na mtu mwingine. Leo mibuni mingi imeng'olewa, na mlima uliokuwa ukituletea mvua ya kahawa umekuwa wenyewe ndio zao. Wapandaji wake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Basi yatupasa kuliuliza zao hili jipya swali lile lile walilouliza wazee wetu juu ya kahawa: nani anapanga bei, na nani analipwa nini?

Swali lenyewe si geni katika siasa ya nchi hii. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuanzisha mjadala mkali gazetini, wakihoji kama utalii unafaa katika nchi inayojenga ujamaa. Wengine waliwaona kuwa ni watoto wenye maneno mengi. Mwaka uliofuata ukafunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kwa nia njema kabisa, ili mgeni ashukie kwetu badala ya kushukia Nairobi na kuziacha fedha zake huko. Uwanja tunao, na ndege zinatua. Lakini uwanja umekaa katikati ya Moshi na Arusha, na wageni wengi huchukuliwa na gari la kampuni, hulala usiku mmoja, hupanda mlima, hulala usiku mwingine, kisha huyoo, Serengeti au Unguja. Wengine hawalali Moshi kabisa. Aghalabu safari nzima huwa imekwisha lipiwa kwa wakala ng'ambo kabla mgeni hajafunga sanduku lake.

Tuchukue mfano wa mgeni mmoja apandaye kwa njia ya Machame kwa siku saba. Ada ya hifadhi imekuwa dola 70 kwa siku, nayo yafika dola 490. Ada ya kambi ni dola 50 kwa usiku, na kwa usiku sita ni dola 300. Ongeza dola 20 za uokoaji, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo huduma za utalii zilianza kutozwa Julai 2016. Jumla inakaribia dola 956. Hizo ni fedha za Taifa. Zinatunza hifadhi hii na nyingine zisizojitosheleza, nasi hatuna ugomvi nazo. Kampuni nazo humtoza mgeni huyo, aghalabu, kati ya dola 2,000 na 3,000, na wapenda anasa hulipa zaidi. Kila kitu hadi hapo kinahesabiwa kwa dola.

Sasa tumtazame mpagazi, ambaye mlimani humwita mgumu, na jina hilo amelistahili. Kiwango kilichokubaliwa na wadau mwaka 2015 kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku. Siku saba ni shilingi 140,000. Wakati kiwango hicho kinawekwa, dola moja ilikuwa kama shilingi 2,000, kwa hiyo mgumu alishuka na kiasi cha dola 70. Katikati ya mwaka 2024 dola ilizidi shilingi 2,600, na zile shilingi 140,000 zikawa hazifiki dola 54. Msomaji na alinganishe mwenyewe: ujira wa mtu aliyebeba kilo 20 kwa siku saba hadi penye baridi ya kugandisha maji ni mdogo kuliko ada ya hifadhi ya mgeni mmoja kwa siku moja.

Hakuna aliyekaa kikaoni akaamua kumpunguzia mgumu ujira. Ndiyo maana jambo hili limepita kimya. Bei ya safari imefungwa kwenye dola, na ujira umefungwa kwenye shilingi. Shilingi iliposhuka, tofauti yake iliingia katika mfuko wa yule aliyekaa katikati, bila yeye kunyanyua kidole. Tena twazungumzia kampuni zinazolipa kiwango chote. Zimo zinazolipa pungufu yake, na zimo zinazomwambia mgumu kwamba malipo yake ni bahashishi atakayopewa na mgeni siku ya mwisho, kana kwamba kazi ya wiki nzima ni ombaomba.

Inafaa ieleweke wazi kwa nini mwenye duka, mwenye kibanda cha chakula na fundi cherehani wa Moshi wajali habari hii, hata kama hawajawahi kufika Mandara. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Overseas Development Institute ya London walipima safari ya fedha za mlima huu. Walikadiria kwamba wapandaji walikuwa wakitumia nchini kiasi cha dola milioni 50 kwa mwaka, na kwamba asilimia 28 ya fedha hizo iliwafikia watu wa kipato cha chini. Katika safari za kutazama wanyama kaskazini mwa nchi waliona asilimia 18 tu. Sababu ya tofauti haikuwa huruma ya mtu yeyote. Mlima unahitaji miguu na mabega: wao walihesabu wapagazi kama 10,000, wapishi 500 na viongozi 400. Ujira na bahashishi za watu hao, pamoja na vyakula vinavyonunuliwa katika masoko yetu, ndio mfereji wa kuleta maji kijijini. Wachagga wanajua mfereji ni nini, na wanajua anayeuziba huko juu huwakausha wangapi huku chini. Mgumu hana akaunti ng'ambo. Shilingi yake huonekana Mbuyuni jioni ile ile aliyoshuka, na Januari huonekana katika mahitaji ya shule ya watoto.

Kwa mtazamo huo ndipo tuupime mpango uliotangazwa mwaka 2019 wa kuwapandisha wageni mlimani kwa magari yanayoning'inia kwenye nyaya. Wenye kuutetea husema utaongeza idadi ya wageni, hasa wazee na wasio na siku nyingi. Huenda ikawa kweli. Lakini mgeni apandaye asubuhi na kushuka alasiri hahitaji hema, wala mpishi, wala wabebaji watatu kwa siku saba. Viongozi na wapagazi walioupinga mpango huo walifanya hesabu hiyo haraka kuliko wataalamu wengi.

Wenye makampuni wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Wanasema ushindani ni mkali, na kampuni za bei ya chini huiba wateja. Basi tuhesabu. Kumrudishia mgumu thamani ya dola 10 kwa siku, kwa dola ya shilingi 2,600, ni kumlipa shilingi 26,000. Nyongeza ya shilingi 6,000, kwa wapagazi watatu na siku saba, ni shilingi 126,000, yaani haifiki dola 50 katika safari ya dola 2,000 na zaidi. Mtu aliyekata tiketi ya ndege kutoka Ulaya hatageuka njiani kwa ajili ya dola 50. Na ikiwa kiwango kitasimamiwa kwa wote, yule wa bei ya chini hatakuwa na pa kujificha.

Tatizo ni usimamizi. Vyama vya wapagazi vipo, lakini ni zaidi ya kimoja, na mwajiri huona raha kuzungumza na waliogawanyika. Wazee wa kahawa wasingefika popote kwa mtindo huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Ni wagumu wangapi waliowahi kuona karatasi hiyo? Wengi huajiriwa kwa kuitwa majina asubuhi langoni, na wakidhulumiwa hawana cha kuonyesha.

Wizara yenye dhamana ya kazi, Shirika la Hifadhi za Taifa na wenye makampuni wanaweza kulimaliza jambo hili kabla ya msimu mkubwa unaoanza Juni. Ujira ufungwe kwenye thamani ya dola kama ada zilivyofungwa, na ulipwe wote kwa hesabu ya siku, mbali na bahashishi. Kampuni isiyoonyesha stakabadhi za safari iliyopita isipewe kibali cha safari inayofuata. Pale langoni tayari ipo mizani ya kupimia mzigo wa mpagazi, na kilo ya 21 hairuhusiwi kupita. Kando ya mizani hiyo pana nafasi ya kutosha meza ya karani mmoja wa kazi, na daftari lake la mikataba.