Mwanga wa Mkongo Upewe Msamiati

Tangu mkongo wa TEAMS ulipofika Mombasa mwaka 2009, neno "faiba" limezoeleka hata katika vichochoro vya Kibera na Kawangware. Hata hivyo, jina bila maelezo ni kasha tupu.

Ndani ya uzi wa kioo, mwanga husafiri kwa mitetemo ya pande mbili zinazokingamana. Uzi ungekuwa duara kamili, mitetemo hiyo ingefika pamoja. Ukibanwa au ukipindwa, mmoja hutangulia na mwingine huchelewa. Mpigo wa mwanga hutanuka ukaingilia wa pili, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo habari zinavyovurugika.

Fundi chipukizi wa Kawangware hupewa elimu hii kwa Kiingereza. Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kuibeba. Dai hilo halina mashiko: Tanzania imeshakubali "mkongo", na "mtawanyiko" limo kamusini. Kwa nini "mtawanyiko wa mitetemo ya mwanga" isiwe istilahi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi usiishie kwenye karatasi. Wanafunzi wa Kiswahili na waketi na mafundi hao. Chambilecho wahenga, mtaka cha mvunguni sharti ainame.