Vazi Lililofichwa Chini ya Hema

Katika sharika zetu mlevi anajulikana. Wazee wa kanisa humfuata, huombewa, akizidi hutengwa, na siku ya kurudi kundini husimama mbele ya watu wote. Mcheza kamari naye amepata mahubiri yake, tangu vibanda vya kubeti vilipojaa mitaani. Lakini sisi tunaonunua bila kukoma hatujahubiriwa bado. Tukiingia ibadani na gauni jipya Jumapili ya nne mfululizo tunaambiwa, "Umependeza, Mungu amekubariki." Tunaitikia amina, huku tukijua kwamba gauni limetoka kwenye mkopo wa kausha damu.

Tunaandika haya tukiwa wahusika. Jumamosi tunaaga nyumbani kwamba tunakwenda Kariakoo kupunguza mawazo. Tunaingia Mtaa wa Kongo, eti tunapita tu kuangalia, na jioni tunarudi na mifuko mitano, nauli tumeomba. Asiyefika Kariakoo ana simu: mzigo mpya umeingia, chagua rangi, lipia uletewe mlangoni. Muuza vitenge anatukopesha mali kauli kwa sababu tunasali naye. Ada ya mtoto inaliwa, tunakopa kwenye simu. Deni la simu linaiva, tunakopa kwenye kikoba. Zamu ya kurejesha kikoba ikifika, tunaanza kukwepa ibada ya jumuiya ili tusikutane na mweka hazina.

Raha yenyewe haimo katika nguo. Imo katika kuchagua, kupatana bei, kuitwa "mteja wangu". Tukifika nyumbani imekwisha, na nguo inakaa na lebo yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Kijerumani, Emil Kraepelin, aliandika juu ya kichaa cha kununua, akakiweka miongoni mwa maradhi ya akili. Sisi huku bado tunakiita kupenda kupendeza.

Katika Yoshua sura ya 7 yumo Akani wa kabila la Yuda. Yeriko ilipoanguka aliona vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Akatamani, akatwaa, akavifukia ndani ya hema lake. Wahubiri hutumia habari hii kwa wezi wa sadaka, na ni haki yao, maana Akani aliiba mali iliyowekwa wakfu. Sisi tunasimama penye lile shimo. Vazi lile asingeweza kulivaa hata siku moja, na bado alilitaka. Nasi tuna mashimo yetu. Mfuko unaachwa kwa jirani mpaka mume alale. Kilichonunuliwa kwa shilingi 60,000 kinatajwa 20,000. "Mbona hivi viatu ni vya siku nyingi, hukumbuki?" Wanaume wasicheke: spika mpya na simu ya tatu nazo hulala kwa rafiki kwanza.

Akani alikiri baada ya kura kupita kabila, ukoo na nyumba hadi kumfikia yeye, na wakati huo hakubaki wa kumsaidia. Kwetu kura hiyo hupigwa na wakopeshaji, wanapokuja kubeba friji na televisheni majirani wakitazama.

Wapo watakaotujibu kwamba kuvaa si dhambi. Hatubishi. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku alihesabu nguo na viatu humo humo. Jozi ya kwanza basi ni jibu la sala. Ya kumi na nne imejibu sala ya nani?

Na kanisa lenyewe linatufundisha kununua. Sare ya kwaya, sare ya siku ya wanawake, sare ya jubilei, sare ya harusi ya mtoto wa mwinjilisti, na siku hizi hata ya msiba. Kila moja kitenge chake na fundi wake, na mwaka ujao hairudiwi. Tumemwona mjane akibaki nyumbani sikukuu ya wanawake, mzima wa afya, kwa kuwa hakuwa na kile kitambaa. Sisi tulikuwa nacho, kwa mkopo, tukaimba mstari wa mbele. Aliyekuwa karibu zaidi na Injili siku hiyo ni yule aliyekosa sare.

Wachache wetu tumeanza kutajiana madeni yetu, kwa tarakimu. Kuomba tulikuwa tukiomba miaka yote, hata ndani ya daladala ya kwenda Kariakoo. Sasa tumejiondoa kwenye makundi ya wauzaji katika simu. Kila tunachokitamani tunakiandika daftarini kikae siku 7, na kabla ya kulipa tunampigia mwenzetu mmoja. Wiki ya tatu mmoja wetu alinunua mapazia ya vyumba vyote. Akaja akasema, tukaendelea naye.

Baraza la wazee tunaliomba jambo moja: sare yoyote ya usharika isiwe lazima, kuanzia sikukuu ijayo ya wanawake. Na siku ya mavuno tutaleta nguo zilizokuwa chini ya vitanda vyetu. Tumeshazihesabu, ni 41, zote zina lebo. Kadhaa hazitutoshi tena.